Siku Niliyomshauri Baba Aikatae Faini

Tuliishi Ufaransa, ghorofa ya pili, juu ya kinyozi. Usinionee wivu. International City, huko pembezoni mwa Dubai ambako kodi ina huruma kidogo, mitaa imepewa majina ya nchi za watu. Ukivuka barabara uko Uingereza. Ukitaka vitunguu vya bei nzuri unakwenda Uajemi na ndala zako. Na upepo ukigeuka ukatoka upande wa mitambo ya majitaka, mataifa yote yanaungana.

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Kimoja chetu: baba, mama na mimi, pazia la maua katikati. Kingine cha Anti, Mganda aliyekuwa akisafisha ofisi kule Jumeirah Lake Towers, katika jengo lilelile ambalo baba alikuwa msimamizi wa walinzi. Baba ni mtu wa Nakuru. Mama ni wa Dodoma, na wakati ule alikuwa akishinda nusu siku kwenye kituo cha kulelea watoto, akifuta makamasi ya watoto wa watu. Viza yake na yangu zilikuwa zimefungwa kwenye viza ya baba kama mabehewa. Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla sijaanza kuchekesha: kichwa cha treni kikitoka kwenye reli, hakitoki peke yake.

Mimi nilisoma shule ya Wahindi kule Al Qusais, ya karo nafuu, watoto wengi, kiyoyozi kimoja chenye kikohozi. Mwalimu wetu wa maarifa ya jamii alikuwa na mchezo wake. Kila Alhamisi kipindi cha mwisho, darasa liligeuka mahakama. Hakimu alikuwa kiranja, msichana mwenye sauti ya king'ora, na alihukumu makosa madogo madogo: kutafuna bigijii, kuchelewa, kunakili kazi ya mwenzako. Adhabu yake kubwa kabisa ilikuwa kufuta ubao wiki nzima. Nilikuwa mteja wake wa kudumu.

Wiki moja nilishtakiwa kwa kuisogeza saa ya ukutani mbele kwa robo saa, darasa zima likatoka mapema. Mashahidi walikuwa darasa zima, na wote walifaidika, lakini wakanigeuka. Sikuwa na utetezi wowote. Ila wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa ametufundisha jinsi mahakama za Marekani zinavyofanya kazi, kwamba kwenye majimbo fulani, mtu aliyefikishwa mahakama ndogo kwa kosa dogo anaweza kudai kesi yake iamuliwe na baraza la raia kumi na wawili. Mahakama ndogo haina baraza la namna hiyo. Basi nikasimama, nikafunga kifungo cha juu cha shati, nikasema, "Mheshimiwa, nadai baraza langu."

Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeona mbegu yake imeota. Akamwambia kiranja, "Umeishiwa nguvu. Mshtakiwa akishadai baraza, wewe huna mamlaka tena ya kumsikiliza. Kesi inapanda juu."

Huko juu alikuwa yeye mwenyewe, na raia kumi na wawili wangetoka darasa la jirani, na kikao kingekuwa mwisho wa muhula. Mwisho wa muhula ukafika na mitihani yake. Kikao hakikukaa. Kesi ya saa bado inaning'inia huko juu hadi leo.

Kwa hiyo nililoondoka nalo lilikuwa hili: dai baraza, kesi itapanda, ikipanda itakufa. Najua mwalimu aliongeza maneno baada ya pale. Namkumbuka midomo ikitembea. Mimi nilikuwa nawainamia wenzangu kama mcheza sarakasi aliyemaliza mchezo.

Miezi michache baadaye likaja la baba.

Walinzi wa Kiafrika wa Dubai, wale wanaojua Kiswahili, wana desturi yao. Mtu akikudharau mlangoni, unamtabasamia, unamwita sir, halafu unamtukana kwa Kiswahili kwa sauti ileile ya upole, kama unamtakia siku njema. Anashukuru na kuondoka. Ilikuwa dawa yao ya presha. Baba alikuwa bingwa. Alikuwa akirudi nyumbani na kutusimulia matusi ya siku hiyo kama mtu anayesoma taarifa ya habari, na mama akisema, "Mbele ya mtoto," huku anacheka ndani ya kanga.

Siku hiyo mpangaji mmoja aliegesha gari kubwa kwenye njia ya zimamoto. Baba akamwomba alisogeze. Sir, tafadhali. Sir, tafadhali. Yule bwana akaanza kupandisha kioo. Baba akatabasamu, akainama kidogo, akasema, "Sawa, punda wewe, kaa hapohapo."

Kioo kilikuwa hakijafika juu. Na kwenye kiti cha nyuma walikaa watoto wawili waliolelewa tangu uchanga na dada wa kazi wa Kikenya. Walicheka mpaka wakaanguka kitini. Baba yao akauliza wanacheka nini, na mdogo, wa miaka kama sita, akamweleza. Kwa kuwa hakujua neno lenyewe kwa lugha ya nyumbani kwao, alilia mlio wake.

Tusi kule ni kosa la jinai. Siyo mzaha. Baba aliitwa polisi, na alipoulizwa kama alisema, alikubali. "Nimesema, sir," aliwaambia, "lakini kwa Kiswahili." Kama vile tusi la Kiswahili lina punguzo.

Pasipoti ikabaki kwao. Baada ya wiki mbili tatu akaitwa ofisi ya mwendesha mashtaka, akapewa karatasi. Ilikuwa hivi: makosa madogo kama hilo hayana haja ya kufika kwa jaji. Mwendesha mashtaka mwenyewe anaandika amri, anataja faini, unalipa, imekwisha. Usipokubali, una siku chache za kuandika pingamizi, na hapo ile amri inafutika, kesi inakwenda mahakamani.

Tuliijadili Ijumaa mchana, juu ya ugali na sukuma, Anti naye akiwa na sahani yake kwa sababu Ijumaa tulikula pamoja.

"Mzee, lipa," alisema Anti. "Lipa, khalas, yaishe. Mimi nimekaa hapa miaka. Mtu anafunguliwa mlango mdogo wa kutokea, anasema hapana, mimi nataka ule mkubwa. Ule mkubwa unaenda ndani, bambi," akamalizia kwa neno la kwao la huruma.

"Faini si shida," baba akasema. "Shida ni kukubali. Nikilipa nimekubali kosa, na kampuni ikiona kosa, kadi yangu ya ulinzi hawaifanyi upya. Sasa mlinzi bila kadi ni nini? Ni mtu amevaa sare."

"Utatafuta kazi nyingine," mama akasema. "Utabeba maboksi. Lakini utakuwa hapa."

Na mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikalamba vidole nikasema, "Baba, dai baraza."

Niliwaeleza yote. Mahakama ndogo, mahakama kubwa, raia kumi na wawili. Niliwaambia ukishadai, yule mdogo anaishiwa nguvu. Niliwasimulia kesi ya saa. Baba alicheka sana kwa ile ya saa, na nikijua nimemchekesha mtu huwa sijui kusimama.

"Watu kumi na wawili," nikasema, "kila mmoja ashawahi kuzibiwa njia na gari kama lile. Wanamtazama yule bwana, wanatazamana, wanasema, kwani mzee amekosea wapi? Ni punda."

"Hao ni wazee wa baraza," mama akasema. "Kwetu wapo. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja, Mahakama Kuu Dodoma, kesi ya mauaji. Alisinzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Jaji akamwuliza, mzee, maoni yako? Akasema, nakubaliana na mwenzangu. Mwenzake alikuwa bado hajasema kitu."

"Jaji akafanya nini?"

"Akaandika hukumu yake. Wale wanatoa maoni tu, hawamfungi jaji mikono."

"Hao ni wa kwenu, mama. Hawa wangu wakisema mtu hana hatia, jaji anafunga faili."

Baba aliacha kula. "Na hapa wapo?"

Hapo ndipo ningeweza kusema sijui. Neno fupi. Badala yake nikatumia sauti ile ninayotumia darasani nikiwa sijasoma. "Lazima wawepo, baba. Mahakama gani haina?"

Anti aliniangalia kama anavyoangalia kapeti lililomwagikiwa chai. Lakini baba alikuwa akitikisa kichwa polepole kukubali, na akamwambia mama maneno ambayo nikiyakumbuka natamani kuingia chini ya kitanda. "Si ndiyo maana tunamsomesha?"

Jumapili, ambayo kule wakati ule ilikuwa siku ya kazi, akaandika pingamizi. Karani akamwuliza, kwa Kiingereza, kama ana uhakika. Baba akasema binti yake ameisoma.

Nilimwandikia hotuba, kwa Kiingereza, kwenye karatasi iliyochanwa kutoka daftari la hesabu. Nilitumia maneno yote makubwa niliyokuwa nayo. Nilimfanyisha mazoezi jikoni, mimi nikiwa jaji nimejifunga taulo kichwani, na mama akiwa raia wote kumi na wawili. Baba alisimama wima mbele ya friji, akasoma, akanipigia saluti. Ilikuwa, nadhani, wiki ya mwisho tuliyocheka kwa pamoja.

Siku ya kesi nilikuwa shule, sikusikia hata neno la mwalimu yeyote. Niliporudi nilimkuta baba amekaa kwenye kitanda na viatu vyake.

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa fupi," akasema. "Tulikuwa wengi, tumepangwa kama kwa daktari. Zamu yangu ikafika. Mkalimani alikuwa Msudani. Nikatoa karatasi yako, nikasoma. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniuliza, raia gani? Nikasema raia wowote, kumi na wawili. Akamgeukia jaji, akamwambia."

"Jaji alicheka?"

"Hakucheka. Ningependa angecheka." Alivua kiatu kimoja, akakishika. "Mkalimani akaniambia, huyu bwana anasema hakuna watu hao hapa. Kuna yeye. Sasa, ulisema lile neno au hukusema? Na pale polisi si nilishakubali? Imeandikwa."

Jaji aliahirisha kesi ili asikie shahidi mmoja kutoka kwenye jengo, kisha atoe hukumu.

Kesho yake nilimvizia mwalimu wangu kwenye ngazi. Nilimwuliza kama bahati mbaya tu, eti kwa ajili ya mtihani: kesi ikishapanda, nini kinafuata?

"Inaanza upya," akasema. "Nilisema siku ile. Watu wanadhani kupanda ni ushindi. Kupanda ni kubadilisha anayekuhukumu, basi. Chochote alichotaka kukupa yule mdogo, kikubwa au kidogo, hakimbani yule wa juu. Anaweza kukupa pungufu. Anaweza kukupa zaidi."

"Zaidi kiasi gani?"

"Mpaka pale sheria inapomruhusu." Akaniangalia. "Mbona leo huchekeshi?"

Nikamwambia nina mafua.

Nilijaribu kurekebisha. Nilitoroka vipindi viwili, nikapanda metro mpaka ofisi ile ya mwendesha mashtaka, na begi langu la shule mgongoni, nikamwuliza karani kama pingamizi linaweza kurudishwa. Alikuwa mpole. Aliniambia mtoto haruhusiwi kuulizia, aje mwenyewe. Nikasema ni baba yangu. Akasema inshallah kheri, na ile inshallah niliijua ni ya aina gani. Nyuma yangu kwenye foleni kulikuwa na mtu mzima mmoja aliyesikia, akaniambia kuna rafiki yake aliyeandika pingamizi kisha hakutokea kabisa siku ya kesi, na ile faini ya mwanzo ikarudi kama ilivyokuwa. Sijui kama ni kweli. Sikutaka kujua. Ikiwa ni kweli, basi siku ile baba angelala tu nyumbani, tungekuwa salama. Badala yake alipiga pasi sare yake, akaenda kusoma hotuba yangu.

Hukumu ilikuwa faini, na kurudishwa kwao Kenya.

Faini yenyewe ilikaribiana na ile ya kwanza. Mama aliniambia hivyo akiwa amesimama jikoni na mkoba bado begani, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema gesi imekwisha. "Faini ni karibu ileile. Ila na kurudishwa."

Tulikata rufaa. Safari hii hakuna aliyeandikiwa hotuba. Rufaa ikakataliwa, na baba akazuiliwa hapo hapo kusubiri ndege.

Tulimwona mara moja, mimi na mama, kupitia kioo. Nywele zilikuwa zimeota kidogo, yeye aliyezoea kunyoa. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kumwambia samahani kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kikuyu kibovu. Akanitangulia.

"Umeangalia kama kule nyumbani baraza lipo?" akaniuliza kwenye simu ya ukutani.

Alikuwa anatania. Macho hayakuwa yanatania lakini mdomo ulikuwa unajitahidi. Nikajaribu kucheka, nikatoa sauti ambayo ingemfurahisha yule mtoto wa kiti cha nyuma. Mama akaninyang'anya simu.

Hakuwahi kuniambia kwamba ni mimi. Mama naye hakusema. Nilikuwa nangoja mmoja wao alitoe neno hilo, tulimalize. Anti peke yake ndiye aliyelitamka, siku moja tunakunja mapazia, naye hakulitamka kwa ubaya. "Wewe una mdomo mzuri," akasema. "Mdomo mzuri ni hatari kuliko mbaya. Mbaya hakuna anayeusikiliza."

Mabehewa yakafuata kichwa. Viza zetu zilikuwa na siku za kuhesabu. Mama alipata madam mmoja wa kumwandikia viza ya kazi za ndani, kulala hukohuko, bila mtoto. Mtoto ni mimi. Kwa hiyo mama angebaki kulea watoto wengine ili karo yangu ipatikane Nakuru, na mimi ningemfuata baba, ambaye huku Nakuru, mpaka ninapoandika haya kwenye kitanda cha bweni, hajapata kazi ya kulinda hata geti la kuku. Kampuni za huku zinamwuliza kwa nini alirudishwa. Anawaeleza ukweli. Wanacheka sana, wanamwambia tutakupigia.

Alhamisi yangu ya mwisho nilikwenda shule kurudisha vitabu na kuchukua cheti cha uhamisho. Ofisi iliniambia mhuri uko kwa mkuu, nisubiri. Sikuwa na pa kusubiria, nikaenda darasani, nikakaa nyuma karibu na kiyoyozi. Ilikuwa kipindi cha mwisho. Mahakama ilikuwa imekaa.

Mshtakiwa alikuwa kijana wa Kerala, mnene, mwoga, aliyekamatwa anakula chipsi za pakiti wakati wa somo la dini. Unga mwekundu wa chipsi ulikuwa bado kwenye vidole. Kiranja akamwambia, futa ubao siku tatu. Siku tatu tu. Mimi sikuwahi kupewa pungufu ya wiki.

Yule kijana akageuka, akaniona, akatabasamu. Akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Mheshimiwa," akasema, "nadai baraza langu."

Darasa likaangua kicheko. Wengine wakapiga madawati. Kumbe tangu ile kesi ya saa, kila mwenye kosa alikuwa akilitumia, na kulikuwa na kesi karibu kumi na tano zinazoning'inia huko juu. Wote wakanigeukia mimi, kama watu wanaomshangilia mgunduzi.

"Futa ubao," nikasema.

"Nini?"

"Siku tatu tu. Chukua dasta ufute."

Wakacheka zaidi. Walidhani ni mzaha mpya, na sikuwalaumu, sijawahi kuwapa kitu kingine. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika cheti changu cha uhamisho. Mkuu alikuwa amempa aniletee. Akasoma kilichoandikwa kwenye sehemu ya sababu, akanitazama.

Kisha kiranja akagonga meza, akatangaza kwamba hana mamlaka tena, na kesi ya chipsi ikapanda juu. Kijana akawainamia wenzake. Nikatembea katikati ya madawati mpaka mbele, nikapokea karatasi yangu kwa mikono miwili. Ubao ulikuwa umejaa maandishi ya siku nzima, haujafutwa, na dasta lilikuwa palepale karibu na mkono wangu. Nikafuta kidogo, kona moja. Halafu dereva wa basi akapiga honi, nikaliacha.